Ahesabu mpaka mia lakini vijiko sita hawezi kuleta

Waaleikum salaam dadangu wa Mtopanga, na ahsante kwa kuandika kirefu, maana wengi huniuliza tu "mwalimu, mtoto wangu hesabu hawezi, nifanyeje" halafu nabaki kubahatisha. Kwa faida ya wanaosoma nirudie kifupi ulichosema: binti yako ana miaka mitano na nusu, yuko PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea), akianza wan tu thri ateremka mpaka mia bila kukwama na wageni wampigia makofi, lakini juzi ulimtuma jikoni alete vijiko sita akarudi na vijiko mkononi ambavyo ni vingapi hata yeye hajui. Shule wampa homuwaki ya kuandika 1 mpaka 50 kila siku. Akisomewa swali la maneno auliza "mama, hii ni ya kujumlisha ama ya kutoa?" Bibi yake amkataza vidole ati ni uvivu, na babake akikaa naye na rula mkononi mtoto alia kabla daftari halijafunguliwa. Wauliza umpeleke tuisheni, na vidole umkataze ama umwache.

Tuisheni hapana. Vidole mwache. Na hiyo rula itoke leo leo, hilo sitalizungukia, mtoto mwenye hofu akili yake yote iko kwenye rula, hakuna iliyobaki ya kuhesabu chochote.

Sasa nikueleze ninachokiona. Mtoto wako ajua wimbo wa namba, namba zenyewe bado hazijamkaa, na haya ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, wataalamu wa Marekani, mwaka 1978 walitenganisha mambo matano ambayo mtoto lazima ayashike ndipo tuseme kweli huyu ahesabu: kwanza, neno moja kwa kitu kimoja, asiruke wala asirudie; pili, maneno yafuatane vile vile kila siku; tatu, neno la mwisho ndilo linalosema viko vingapi; nne, kitu chochote chahesabika hata makofi na hatua za miguu; na tano, ukianzia kulia, kushoto ama katikati jibu ni lile lile. Binti yako hilo la pili analo na la ziada. La kwanza huenda analo. La tatu ndilo ninalolishuku, na bila la tatu kila kitu kinachofuata ni kukariri tu.

Mpime hivi, na usimwambie wampima. Weka mahamri saba kwenye sahani umwambie ayahesabu. Atagusa moja moja, "moja, mbili, tatu..." mpaka saba, safi kabisa. Akimaliza tu muulize, "kwa hivyo ni mahamri mangapi?" Mtoto ambaye hilo jambo limemkaa atakuangalia kama umepotewa na akili, "si saba!" Ambaye halijamkaa ataanza upya toka moja. Ukimuuliza tena, aanza tena. Kwake yeye "mangapi" ni amri ya kuimba ule wimbo, hajui kwamba ile saba ya mwisho imeyabeba mahamri yote. Siku ya pili fanya kinyume chake: mpe rundo la vifuniko vya soda umwambie nipe viwili, akitoa mwambie nipe vinne, kisha nipe sita, wewe usimsaidie kwa macho wala kwa kutikisa kichwa (watoto wasoma nyuso zetu balaa). Karen Wynn mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapima watoto kwa namna hii ya "nipe" akakuta wapanda ngazi moja moja: kwanza aelewa moja tu, ukimwambia mbili ama tano ni sawasawa kwake, achota tu. Baada ya miezi aishika mbili. Miezi mingine tena, tatu. Halafu akifika hapo kwenye tatu ama nne zile nyingine zaja pamoja, kwa sababu ameshaelewa kuhesabu ni kwa ajili ya nini.

Nikwambie ukweli, wengi kwa miaka mitano na nusu washapita hapo, kwa hivyo si jambo la kupuuza. Lakini pia si ugonjwa, ni kwamba hajatumwa vya kutosha. Amesomeshwa namba kama kitu cha daftari, hajapata sababu ya kuzihitaji.

Kwa hivyo mtume. Ila kuna namna ya kutuma. Mkiwa mmekaa kula watu watano na vijiko viko pale pale karibu, mtoto atampa kila mtu kijiko chake bila kuhesabu hata kimoja, huyu chake, huyu chake, na hiyo ni hatua nzuri lakini namba haikuhitajika. Sasa vijiko viwe jikoni ambako watu hawaoni. Hapo hawezi tena kulinganisha kwa macho, lazima "watano" aibebe kichwani mpaka kule na aitumie kule. Akirudi na vinne usimwambie umekosea, mwache agawe. Babu atakosa kijiko. Mtoto ataona mwenyewe, na atasema mwenyewe "kimoja bado", na hiyo "kimoja bado" aliyoisema yeye ni hesabu ya kweli kuliko kurasa kumi za daftari. Anza na vitu vitatu, vinne, vitano, usikimbilie ishirini ati kwa sababu mdomo wake wafika mia.

Halafu mara moja moja kosea wewe makusudi. Hesabu tende "moja, mbili, tatu, tano", ama gusa moja mara mbili, uone kama atakukamata. Watoto wapenda sana kumkosoa mtu mzima, na anayekukosoa ameelewa kanuni hata kama bado yeye mwenyewe ateleza. Na kwenye tende kuna jingine, kama nyumbani mwafuata ile sunna ya kula tende witiri, mpe azipange mbili mbili aone moja yabaki pekee au haibaki. Witiri (yenye moja pekee) na shufwa (isiyobakisha) amezijua kabla hajaandika kitu.

Jambo la pili ambalo shule nyingi zalisahau ni kuona idadi bila kuhesabu. Jicho la mtu, hata la mtoto mdogo, vitu mpaka vitatu hivi lavitambua papo hapo, hakuna haja ya kunyoosha kidole. Waangalie wazee wanaocheza dhumna barazani kule Mji wa Kale, yuko mzee atakayehesabu nukta za tano? Aona umbo tu. Hizi dhumna ndizo vifaa ambavyo mwalimu wa PP2 angelipia pesa nyingi kama zingekuja na jina la Kizungu. Tafuta seti moja, ina vipande 28, mcheze kwa kulinganisha tu mwanzoni. Akizoea, mwonyeshe kipande kwa sekunde moja halafu kifunike na kiganja: "umeona ngapi?" Akisema tano muulize "umeionaje?" Mmoja atakwambia "mbili huku mbili huku na moja katikati", mwingine "nne na moja". Wote sawa, na wote hapo hapo wameivunja tano vipande bila mtu kuwafundisha kujumlisha.

Na trei ya mayai usitupe. Ile trei ya mayai 30 ina safu sita za tano tano. Kata safu mbili, upate vishimo kumi, tano juu na tano chini. Mpe vifuniko saba avipange, aanze safu ya juu mpaka ijae. Sasa aona nini? Juu kumejaa, chini kuna viwili, na vishimo vitatu vitupu. Yaani saba ni tano na mbili, na saba imekosa tatu iwe kumi, yote mawili kwa jicho moja. Ongeza kimoja: "sasa?" Ondoa viwili: "sasa?" Muulize "vishimo vingapi bado?" mara nyingi kuliko "vifuniko vingapi?", maana hiyo ya kukosa ngapi ifike kumi ndiyo atakayoitegemea Grade 1 na 2 akianza kujumlisha nane na tano, achukue mbili kwenye tano ajazie nane iwe kumi, zibaki tatu, kumi na tatu. Mtoto ambaye kumi haimo machoni mwake atahesabu vijiti mpaka Grade 4, na nimewaona wengi.

Bao pia zuri lakini lile kamili la mashimo 32 na kete 64 lamzidi kwa sasa, chimbeni vishimo vichache mchangani msambaze komwe tatu tatu, nne nne, yatosha.

Kuna mchezo mwingine ambao una ushahidi mzuri sana na hauna gharama. Robert Siegler na Geetha Ramani mwaka 2008 waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini Marekani mchezo wa vyumba vilivyopangwa mstari mmoja toka 1 mpaka 10, vikao vinne vya robo saa hivi, na watoto wakapata kujua namba vizuri zaidi, na wiki tisa baadaye bado walikuwa na ujuzi huo. Kundi jingine lilicheza mchezo huo huo lakini vyumba vina rangi badala ya namba, hao hawakupata faida hiyo. Wewe chora kwa chaki barazani, vyumba kumi mstari mmoja ulionyooka, viandike namba, halafu mviringishe kitu kama dadu, chenye moja na mbili tu. Lakini sikia, siri iko hapa: akiwa amesimama kwenye tatu akapata mbili, akisonga aseme "nne, tano", asiseme "moja, mbili". Hapo ndipo faida yote ilipo. Akisema "moja, mbili" mrudishe taratibu, "uko wapi sasa? tatu. baada ya tatu?" Nyoka na ngazi ya dukani si mbaya, ila mistari yake yapinda ikipanda huku na kule, kwa mtoto anayeanza mstari mnyoofu ni bora.

Kuhusu lugha sitakaa sana. Homuwaki ya Kiingereza ifanyeni lakini nyumbani hesabu iwe kwa lugha mnayogombania nayo. Sera ya Kenya yenyewe yasema chini ya Grade 4 mtoto asomeshwe kwa lugha ya eneo lake, na sisi huku lugha yetu twaijua. Kisha kwa Kiswahili baada ya kumi yaja kumi na moja, kumi na mbili, mtoto asikia kumi pale ndani, kwenye trei yako ya mayai unamwonyesha kumi imejaa na moja imezidi nje. Kwa Kiingereza hiyo kumi imefichika mpaka uambiwe.

Sasa tuje kwenye lile lililonishtua zaidi kwenye barua yako, na si vijiko. Ni lile swali lake, "hii ni ya kujumlisha ama ya kutoa?" Mtoto anayeuliza hivyo ameshajifunza kitu kibaya, amejifunza kwamba swali la hesabu ni kubahatisha mwalimu ataka alama gani. Hasikilizi kisa tena. Na wa kulaumiwa si yeye, twawafundisha hivyo, twawapa 3 + 2 kwenye karatasi mwaka mzima halafu mwisho kabisa ndio twaleta kisa, kana kwamba kisa ni kigumu na alama ni rahisi, na kwa mtoto mdogo ni kinyume kabisa.

Thomas Carpenter na Elizabeth Fennema wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzao walikaa miaka na watoto wadogo wakiwauliza visa tu na kuangalia wafanya nini. Mwaka 1993 walitoa matokeo ya watoto 70 wa shule ya awali, umri wa binti yako huo huo, walioulizwa maswali tisa ya visa na ndani yake mlikuwa na kuzidisha, kugawanya, mpaka ya hatua mbili. Watoto 32 walipata njia sahihi kwa maswali yote tisa, na 44 walijibu sawa saba au zaidi. Hao hawajui jedwali, alama ya kugawanya hawajaiona. Walifanyaje? Walichukua vitu wakakiigiza kisa kama kilivyo. Basi. Mwalimu wao hakuwaonyesha njia, aliwapa kisa, vitu, na muda.

Nilikaa na mtoto mmoja wa PP2 upande wa Likoni, nikamwambia watu kumi wametoka feri wataka tuktuk, na kila tuktuk yabeba watatu, zatakiwa tuktuk ngapi? Akachukua vifuniko kumi, akavihesabu mara mbili (ya kwanza alipata kumi na moja). Akatenga vitatu, akasema "hii imejaa". Vitatu tena, "hii imejaa". Vitatu tena. Kikabaki kimoja. Akakitazama muda mrefu kweli, mwalimu wake pembeni ameshafungua mdomo amsaidie nikamwekea kidole. Mtoto akasema "tuktuk tatu, na huyu mmoja apande boda." Sasa niambie hapo pana kosa gani? Kagawanya kumi kwa tatu, kapata baki, na baki kaijua kwamba ni mtu na mtu lazima afike nyumbani. Mwingine angesema nne, sawa pia. Anayesema "tatu baki moja" halafu asijue moja ni nani, huyo ndiye wa kumhurumia.

Kwa hivyo wewe mpe visa vya maisha yake, kimoja kwa siku chatosha, ukiwa wakanda unga hapo hapo. Bibi ana kaimati kumi na mbili, aweka tatu tatu kila sahani, sahani ngapi? Una mabuyu matano wataka yawe manane, uongezewe mangapi? Watoto watano na glasi za sharubati ni tatu, wangapi watakosa? Hilo la mwisho angalia nilivyoliuliza. Ukisema "watoto wamezidi glasi kwa ngapi" wengi watakwama, ukisema "wangapi watakosa" wajibu, na hesabu ni ile ile. Lililowakwamisha ni maneno.

Na tafadhali usimfundishe yale maneno ya mtego, kwamba ukisikia "jumla" ongeza, ukisikia "wakabaki" toa. Tuition nyingi za hapa mtaani zauza hilo hilo. Msikilizishe hiki: kwenye matatu, kufika Buxton wakateremka watu watatu, wakabaki watano, je mwanzo walikuwa wangapi? Mwenye mtego asikia "wateremka", asikia "wakabaki", mbio anatoa, tano toa tatu, mbili! Mtoto aliyepanga vifuniko vya abiria ajua haiwezekani, waliobaki peke yao ni watano, wawili watoke wapi. Hicho kisa cha mwanzo kisichojulikana ni kigumu kuliko vyote, usianze nacho, anza na vile ambavyo mwisho ndio haujulikani.

Atakapokwama usimwambie fanya hivi. Msimulie kisa upya polepole, na umuulize "watu ni kina nani hapa kwenye vifuniko vyako?" Akipata jibu, sawa ama si sawa, muulize "umejuaje?" Nasisitiza sawa ama si sawa, maana ukiuliza tu akikosea, siku ya pili ukimuuliza atalifuta jibu lake haraka haraka kabla hata hujamaliza.

Vidole sasa, na bibi. Watoto wapita njia moja karibu wote. Mwanzo, tano na tatu, atatoa vidole vitano avihesabu, atoe vitatu avihesabu, kisha ahesabu vyote toka moja. Ndefu, lakini ni sahihi. Baadaye siku moja bila kuambiwa na mtu atasema "tano", atulie, "sita, saba, nane" akikunja vidole vitatu tu. Hapo amepanda ngazi kubwa mno, ameiamini tano bila kuihesabu tena. Na baadaye sana atasema nne na nne ni nane basi nne na tano ni tisa, na vidole vitaacha vyenyewe kwa sababu havina kazi. Ukimkataza kabla ya wakati, hataruka ngazi, atavificha chini ya meza tu ahesabu kwa wizi, na haraka haraka, na akosee. Bibi muongee kwa adabu zake, lakini muulize kwa upole, yeye akimaliza swala tasbihi zake azihesabia nini kama si pingili za vidole?

Pesa twaona ndiyo hesabu ya kweli na kwa wakubwa ni kweli. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil, Terezinha Carraher na wenzake, walinunua vitu kutoka kwa watoto watano wachuuzi wa mjini Recife, miaka 9 mpaka 15, hesabu za pale kibandani wakapata asilimia 98. Hesabu zile zile zikaandikwa kwenye karatasi kama za shule, wakashuka mpaka 37. Wajua wale watoto wetu wanaouza kachiri na maji feri, chenji yako yarudi kabla hujafungua mkono, kisha waambiwa shuleni hawana akili. Lakini binti wa miaka mitano ni jambo jingine. Sarafu ya kumi kwake ni kitu kimoja, na sarafu mbili za tano ni vitu viwili, kwa hivyo atakwambia mbili ndizo nyingi, na kwa umri wake ana haki. Mtume dukani akazoee kuomba na kushukuru, lakini hesabu ya chenji isiwe mtihani kabla ya miaka saba hivi.

Ile ya kuandika 1 mpaka 50. Kuandika namba ni kazi ya mkono, si ya hesabu. Mtoto aweza kuandika 37 vizuri asijue ni ngapi, na mwingine akaandika 3 imetazama nyuma naye anajua tatu ni nini, na hiyo ya kugeuza herufi na namba mpaka karibu miaka saba ni ya kawaida, usimpigie. Mtaala wa Kenya wenyewe wataka mtoto wa PP2 apange, alinganishe, ahesabu vitu. Nenda kwa mwalimu asubuhi mapema kabla hajachoka, usiende na malalamiko, mwambie nimeanza kumhesabisha vitu nyumbani, je naweza kukuletea trei za mayai na vifuniko vya darasa? Na badala ya namba hamsini aandike mstari mmoja halafu achore vitu vya namba moja? Walimu wengi wajua vizuri, wanaandikisha hivyo kwa sababu sisi wazazi twafungua daftari tukilikuta jeupe twasema hajafundishwa. Tena vifaa vya nyumbani si fikra ngeni huku kwetu, ule mpango wa shule za awali za Madrasa chini ya Aga Khan Foundation ulianzia hapa hapa Mombasa miaka ya 1980, na vifuu na mbegu ndivyo vilikuwa vifaa vya darasa, kisha ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda.

Na baba mpe kazi ya dhumna. Nasema kweli. Wanaume wengi hawana subira ya daftari lakini dhumna watacheza na mtoto saa nzima, na hakuna rula.

Mpe kama miezi mitatu ya hivi, kidogo kidogo kila siku, dakika kumi zatosha kuliko saa moja ya Jumamosi. Ikiwa baada ya hapo kutofautisha viwili na vinne bado kwamshinda, ama hata kufuata maneno ya kawaida yasiyo ya hesabu kwampa taabu, kwanza apimwe masikio na macho, wengi tunaowaita wazito hawasikii vizuri tu. Kisha kuna vituo vya serikali vya kupima watoto, vya EARC, uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe wakuelekeze. Kwa ulivyonieleza sidhani utafika huko.

Uliuliza pia mwishoni kuhusu yule mdogo wa miaka mitatu kama aanze namba. Hesabu naye ngazi mkipanda, mpe kashata mbili umwambie "hizi mbili", na akicheza na dadake kwenye trei ya mayai mwache avuruge. Usimuulize maswali.